Ubani wa Baba Mkubwa

Harufu ya ubani huwatuliza watu wengi. Mimi hunikumbusha baba mkubwa, kaka yake baba, na kifua hunibana kabla hata moshi haujanifikia.

Alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga Dakawa, na kwa kuwa alikuwa na mashine, alijiona anajua kila kitu. Likizo moja mama alinipeleka kwake kutoka Mwembesongo. Nilikuwa na pumu. Sebuleni, mbele ya wageni, mama alimweleza taratibu: nisikae kwenye vumbi la pumba, moshi unanidhuru, na kifua kikibana nivute dawa ya kopo la bluu. Baba mkubwa alisikiliza huku akichokonoa meno.

Mama alipoondoka tu, kopo langu likafungiwa kabatini, ufunguo ukaingia mfukoni mwake.

"Hiyo inazoesha," alitangaza. "Mapafu yanakuwa mavivu."

Kesho yake alinipeleka mashineni nikajionee fahari yake. Pumba zilikuwa zikipeperuka kila mahali. Tuliporudi nilikuwa nakohoa na kifua kinapiga filimbi. Tabibu wetu huyo akafunga madirisha, akawasha ubani, akaniinamisha juu ya chetezo na kunifunika kanga. Nilitaka kuomba maji, neno halikutoka.

"Ugonjwa ndio unatoka huo," alisema, ameridhika kabisa.

Mama mkubwa, mkewe, sikuwahi kumsikia akimjibu. Siku hiyo hakumjibu pia. Aliingia na mchi wa kinu, akaupiga mlango wa kabati mpaka ukapasuka, akanitoa kwenye ile kanga na kuniwekea kopo mdomoni.

"Vuta, mwanangu. Vuta tena."

Kisha akanibeba mgongoni hadi zahanati, nikavutishwa dawa ya mvuke.

Nilipopata nafuu, baba mkubwa aliwasimulia wateja wake kwamba ubani ndio ulioniponya. Nao wakamsifu.

Kwa miaka mingi nilimhesabu kuwa mjinga tu, hata nikamwonea huruma. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza mama mkubwa ilikuwaje mumewe asimwelewe mama. Aliendelea kuchambua mchele wake.

"Alimwelewa vizuri sana. Aliniambia mwenyewe, mke wa mdogo wake hawezi kumfundisha mbele ya wageni."

Ujinga ningeusamehe. Kumbe nilikoseshwa pumzi ili yeye asionekane mdogo mbele ya watu waliopita kunywa chai.