Sauti ya Mama Mlangoni

Harufu ya koti langu la sufu lililolowa theluji imenirudisha utotoni, kwenye nyumba yetu ya ghorofani, mtaa wa Crescent Town, huku ughaibuni. Mchana ule nilikuwa peke yangu, nikiangalia filamu ya Kihindi iliyotafsiriwa Kiswahili, ambayo shangazi alituletea kutoka Dar. Mpelelezi alikuwa anamsaka muuaji aliyekuwa akibisha hodi milangoni kwa kuigiza sauti za akina mama. Mtafsiri anayesimulia juu ya filamu, kama kawaida ya watafsiri hao, akaingilia kwa kelele: "Usifungue, we mtoto!"

Papo hapo mlango wetu ukagongwa.

"Mwanangu, fungua. Nimesahau ufunguo."

Nikazima televisheni, nikajikunyata chini ya meza. Harufu ya koti la mama la sufu, lililolowa theluji, ilipenya chini ya mlango, nikaijua, na bado sikufungua.

Leo ninagonga mlango uleule; mama sasa anaishi humo peke yake.

"Mama, fungua. Ni mimi, mwanao."

Ndani, televisheni inazimwa.