Kodi ya Mazishi ya Baba

Veisinia ni binti wa mama yangu mkubwa, na kwetu Watonga wa visiwa vya Pasifiki huyo haitwi binamu, huitwa dada, basi. Tumeishi nyumba moja hapa Robinvale, Australia, miaka kumi na minne, nyumba ya mbao nyuma ya uwanja wa mpira, na yeye ndiye aliyenifundisha kupogolea mizabibu bila kujikata vidole. Ana miaka hamsini na sita. Anasimamia wanawake ishirini shambani, na hajawahi kudaiwa na mtu hata bei ya mkate. Nayasema haya mapema kwa sababu nina hasira, na nikianza na hasira nitamsahau yeye.

Mwaka 2016 alikuja kuchuma zabibu Mwestonia mmoja mwenye ndevu, hana hata blanketi. Dada akamlisha majira mazima, magimbi na nyama ya kopo kila Jumapili. Yule mtu alipokuwa anaondoka akasema hana cha kumlipa ila maarifa, akamwonyesha jinsi ya kununua bitcoin, sarafu ya mtandaoni, kwa simu. Sisi tulicheka. Mimi niliiita pesa ya hewa, na jina likashika nyumba nzima. Dada akaanza kununua. Wiki ikiwa na saa za ziada alinunua kipande cha dola arobaini, nyingine cha sitini, hadi majira ya baridi yalipokwisha akawa na sarafu moja kamili. Yote ilimgharimu kama dola elfu moja. Akaiacha palepale kwenye simu, asiiguse wala kuitaja.

Aprili ya 2021 baba yake akafariki kijijini Niutoua. Korona ilikuwa imefunga mipaka, Australia hatutoki na Tonga hatuingii. Dada ndiye mtoto wa kwanza. Ilimpasa awe pale na nywele zake zimekatwa, mkeka mkuukuu wa msiba kiunoni, ameketi chini na ndugu zake watatu. Badala yake alikuwa jikoni Robinvale, anatazama mazishi kwenye simu inayokatika kila dakika.

Ndugu zake ni hawa. Kepueli yuko Utah, Marekani. Paea yuko Auckland, New Zealand. Lisiate, kitinda mimba, ndiye aliyebaki nyumbani na mama. Siku ya pili ya msiba Kepueli akatangaza kwamba atamtumia Lisiate nusu sarafu, kwa kuwa benki zinakula makato na zinachelewa. Nusu! Nilimwona dada akiinua uso. Mdogo wake akitoa nusu, yeye atoe nini? Akatuma nzima.

Nilimwambia abakize kidogo, hata robo. Akanitazama kama nimetukana.

"Umewahi kuona mtu anapeleka mkeka msibani amekata kona yake?"

Sijawahi. Kwetu mkeka unakwenda mzima, nguruwe anakwenda mzima, hata kama nyumbani watoto watakula majani. Kutoa ni moyo, si utajiri, na moyo haugawanywi robo. Hapo ndipo dada yangu alipokosea, na ningependa mtu aniambie Mtonga gani asingekosea.

Ikapita mwaka na ushei. Volkano ikalipuka, majivu yakaharibu tangi la maji la mama, dada akatuma mshahara ukajengwa jingine. Kisha zikaja habari kwamba Tonga itafungua mipaka Agosti hii ya 2022. Dada alikuwa na dola elfu kumi na tatu benki, za tiketi, za zawadi, na za kukaa miezi mitatu na mama yake mwenye miaka themanini na moja, ambaye macho yanamwishia. Hilo tu ndilo alilokuwa akiliwaza. Alikuwa amekwisha kuomba ruhusa kazini. Mama alimwambia kwenye simu, njoo nikuone wakati bado naona.

Julai, tukiwa katikati ya kupogolea, ikaja barua ya ofisi ya kodi. Waliandika kwa adabu. Walisema wana taarifa kwamba katika mwaka wa fedha uliokwisha Juni 2021 alikuwa na sarafu ya mtandaoni iliyoondoka mikononi mwake, na kwamba fomu yake ya mwaka ule haikuitaja.

Tukaenda kwa Nino Petrelli, anayetujazia fomu za kodi sisi watu wa mashamba. Ni mtu mwema, baba yake mwenyewe alikuja hapa kuchuma zabibu. Alisoma barua, akavua miwani, akauliza sarafu aliuza lini.

"Sijauza," dada akasema. "Nilitoa. Baba yangu alifariki."

Nino akampa pole, kisha akaeleza polepole mara mbili, na mara zote mbili mimi nilitaka kugonga meza. Kwa sheria ya Australia, ukimpa mtu sarafu ni sawasawa na kumuuzia kwa bei ya siku hiyo, hata kama hukupokea senti. Siku ile ilikuwa na thamani ya dola elfu sabini na mbili. Toa elfu moja aliyonunulia, faida elfu sabini na moja. Kwa kuwa aliikalia zaidi ya mwaka, wanasamehe nusu. Nusu iliyobaki inapandishwa juu ya mshahara wake, na kodi yake ni dola elfu kumi na mbili na mia mbili.

"Faida ya nani?" nikauliza. "Iko wapi hiyo faida tuione?"

Nino akasema sheria haiulizi iko wapi.

Tulitoka na dada hadi kwenye gari. Akaniuliza kama elfu kumi na tatu toa kumi na mbili na mia mbili inabaki mia nane. Nikamwambia ndiyo. Akawasha gari.

Jumapili baada ya ibada ndugu wote hukutana kwenye simu. Dada hakutaka kusema, nikasema mimi. Paea wa Auckland alisikitika. Yeye aliuza sarafu zake zamani, na akasema kwao mtu wa kodi haanzi na sarafu, anaanza na moyo wako: siku uliyonunua ulikuwa na nia gani? Ukikiri ulinunua ili uje uuze, unalipa kwa faida yote, hakuna cha kusamehewa nusu. Alikiri, akalipa. Lakini Kepueli alicheka.

"Dada, hamia Utah. Mimi nilitoa nusu yangu na hakuna aliyeniuliza kitu. Huku mtoaji halipi, aulizwe aliyepokea siku akiuza."

"Na huku kwetu Tonga mpaka leo hakuna aliyeniuliza," Lisiate akadakia.

"Umeona? Watu wawili, msiba mmoja, wewe ndiye umetozwa. Umechagua nchi ya wachoyo, dada," Kepueli akasema.

Kwetu mwanamume hamtanii dada yake. Akiwa mdogo hata chumba alichoketi dada yake hakiingii kwa fujo. Miaka thelathini ya Marekani imemwosha Kepueli adabu yote, akabaki na sauti. Nilimwambia hivyohivyo, akakata simu. Kwa haki, dada angeweza kuwaamuru. Ndiye mkubwa na ni mwanamke, na kwetu dada ana cheo kuliko kaka zake, neno lake moja na wote watatu wangechanga hadi jasho liwatoke. Nilimsihi. Alikataa, akasema hawezi kuwalipisha ndugu zake zawadi aliyoitoa yeye.

Shambani wiki ile kulikuwa na Mjerumani, msafiri anayefanya kazi ya mkasi apate nauli. Aliposikia habari hii akashangaa sana. Akasema kwao ukikaa na sarafu zaidi ya mwaka mmoja, ukiuza hulipi chochote, faida yote ni yako. Dada alikuwa ameikalia karibu miaka mitano. Nilimwomba yule kijana akae kimya, maana wanawake wote walikuwa wameacha kupogolea.

Mimi nikapata wazo, na nililiona la akili. Nikampigia Lisiate kwa siri, nikamuuliza ile sarafu ilitumikaje. Akasitasita, kisha akakiri kwamba bado anayo, nzima. Alikuwa anasubiri bei ipande zaidi ili ajenge kaburi la mawe. Badala yake bei imeanguka, sasa haifiki nusu ya siku ile. Nikamwacha hapohapo, nikakimbilia kwa Nino: Lisiate akiirudisha, si ndiyo kusema haikutoka? Nino akatikisa kichwa. Ilikwishatoka, kwa thamani ya siku ile. Ikirudi itahesabiwa ni sarafu nyingine, iliyopatikana leo kwa bei ya leo, na mwaka wake wa kuikalia unaanza upya. Dola elfu sabini na mbili zimekwisha kuandikwa.

Kwa hiyo dada yangu alitozwa kwa bei ambayo hajawahi kuishika, ya kitu alichokwisha kukitoa, ambacho aliyepewa hajakitumia, na ambacho sasa hata kikiuzwa chote hakifiki nusu ya bei hiyo. Nilimwambia Nino kwamba anayetunga sheria kama hizi hajawahi kufiwa. Akanitengenezea kahawa.

Nilimwambia dada ukweli kuhusu Lisiate. Sikuona sababu ya kumficha. Hakukasirika kama nilivyotaka. Alisema ni mtoto, alitaka kufanya vizuri. Akabakiza jambo moja tu, kumwambia mama kwamba Agosti haendi. Alijitayarisha siku tatu. Jumamosi asubuhi akaweka simu mezani, mimi nikiwa nasuka mkeka pembeni.

Akamweleza mama kwa upole. Fedha zimeingia kwenye kodi ya ile sarafu aliyoituma siku ya msiba. Atakuja mwakani, akipata saa za ziada.

"Sarafu ipi?" mama akauliza.

"Ile ya baba, mama. Niliyompa Lisiate."

Tuliweza kusikia jogoo wake. Kisha mama akasema, na hakusema kwa ubaya, alikuwa tu anakumbuka:

"Mwanangu, siku ile msemaji wa ukoo alitaja kila kitu kilichowekwa pale chini. Mikeka ya shangazi zako, nguruwe wa wajomba zako, nguo za magome za kina mama wa kanisa. Wewe hakukutaja. Watu waliniuliza, nikawaambia mipaka imefungwa, hukuweza kutuma."

Lisiate alikuja kwenye simu analia. Alisema hakujua ataiwekaje. Wazee wote wameketi, kila kitu kinaletwa na kuwekwa mbele yao, na yeye ana namba kwenye simu. Aliona haya kusimama na kuinua simu. Nusu ya Kepueli pia hakuitaja. Akaiacha simu mfukoni, na siku ikapita.

Mimi ndiye niliyepiga kelele, si dada. Mwaka mzima na zaidi Niutoua yote inaamini mtoto wa kwanza hakumzika baba yake hata kwa mkeka mmoja. Dada alimwambia Lisiate aache kulia, auze sarafu wiki hii bila kungoja bei, ajenge kaburi. Akamuaga mama. Akaosha vikombe viwili vilivyokuwa safi.

Jumatatu tulikuwa kwa Nino kabla hajafungua. Alikuwa amepata njia, alisema: angeandika barua ya kulalamika kwamba bei waliyotumia ni ya juu mno, pengine wapunguze mia chache. Dada akamkataza.

"Usipunguze. Acha ileile."

"Veisinia, utalipa zaidi bure."

"Nitalipa. Iko tarehe hapo?"

Nino akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Tarehe ishirini na mbili Aprili, saa nne na dakika kumi na moja asubuhi. Mtoaji, Veisinia. Thamani, dola elfu sabini na mbili mia moja na themanini. Kulikuwa na sehemu ya kuchagua: uliuza, ulibadilisha, au ulitoa zawadi. Dada akaweka kidole chake, chenye kovu la mkasi, kwenye ile ya tatu, akamwambia Nino abonyeze hapo. Kisha akaomba karatasi mbili zilizochapishwa, zenye nembo ya serikali.

Moja tuliituma kwa mama siku hiyohiyo, kwa posta. Dada aliandika pembeni kwa mkono, kwa herufi kubwa ili mama aweze kuzisoma: mpe msemaji wa ukoo.