Labeka Nzima ya Faki

Faki wa Mtongwe alikuwa kuli bandarini, mgongo umemchoka kwa magunia, na alichokitaka duniani ni kazi ya mashua zinazofunga meli gatini. Jaribio la kuipata lilikuwa kuogelea hadi kwenye boya na kurudi bila kushika mashua ya kuokolea iliyowafuata. Mwaka wa sitini aliondoka kwa mbio kana kwamba kaibiwa, na kabla hajalifikia boya akaopolewa kama samaki. Mtaa mzima ulicheka, na kusema kweli haki walikuwa nayo.

Shangazi yake Mwanatatu, mpiga tari wa harusini ambaye hata kuogelea hakujua, hakucheka. "Mikono unayo, mwanangu, mwendo ndio huna," alimwambia. "Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Basi kila alasiri mumewe alimpakia kwenye hori, mtumbwi wao mdogo, wakamfuata Faki majini. Mwanatatu aligonga ubao kwa mwiko, polepole: pigo moja, mkono mmoja. Mara humwita ghafla, "Faki!" Akiitika "Labeka, shangazi!" neno likatoka zima, pigo liliongezwa kasi kidogo. Akikatika kwa kukosa pumzi, lilipunguzwa. Faki alichukia, akijiona kafanywa mtoto. Lakini miezi ilivyokwenda pigo lilizidi kuwa jepesi, na labeka ikabaki nzima.

Siku ya jaribio la pili, akina mama wa mtaa, kwa mapenzi tu, walikuja ufukweni wakigonga pembe zao za vugo, ngoma ya harusi, kana kwamba wanampeleka bwana harusi. Nani apigiwe vugo atulie? Mikono ya Faki ikaifuata kasi yake. Akawaacha nyuma wenzake wote waliokuja kujaribiwa, furaha ikampanda kichwani; kisha mabega yakaanza kumwaka, na boya lingali mbali. Hofu ikamshika. Akajiita mwenyewe, "Faki!" Akaitika, "Labe..." Akameza maji ya chumvi.

Hapo akazamisha masikio majini, vugo likapotea, akautafuta mwiko wa shangazi moyoni mwake. Wenzake wakampita. Ilimuuma sana, lakini aliwaacha waende. Akaligusa boya, akageuka; wakati wa kurudi alimkuta mmoja ameng'ang'ania mashua, mbele kidogo mwingine, naye akapita kwa pigo lake lile lile.

Mwanatatu alikuwa ameingia baharini na buibui lake, maji yamemfika magotini.

"Faki!"

"Labeka, shangazi!" Sauti ilifika hadi kwa akina mama. "Waambie sasa wapige vugo!"