Mkono Niliouweka Kwenye Kichwa cha Baba

Wacha niseme mapema: mkosaji ni mimi, hakuna mwingine.

Walisema mtoto wa kuchunga mbuzi Oltepesi hawezi kupata diploma. Nikapata, ya umeme. Wakasema nikienda kazi Qatar nitarudi na begi tupu. Nikarudi, nikajenga nyumba ya mawe Kitengela. Basi nikazoea kuamini kwamba kila anayenionya hajui kitu.

Mwaka jana baba yangu alipata kiharusi. Kilimwacha akielewa kila kitu lakini hasemi. Mtaalamu wa usemi akawa anakuja nyumbani. Alimfundisha dada yangu kukaa na Baba, kumtajia ng'ombe wake kwa Kimaasai, kisha kunyamaza na kumsubiri. Polepole jina moja likatoka, halafu lingine. Dada alilia kwa furaha.

Mimi nilicheka. Mzee mzima anafundishwa kama mtoto wa nasari? Nilikuwa nimesoma kuhusu mashine za kupitisha umeme kidogo kichwani ili kusisimua ubongo, nikamtajia mtaalamu.

"Hiyo hushikwa na daktari," mtaalamu alinieleza. "Na bado lazima afanye mazoezi ya kusema. Mashine peke yake haimfundishi mtu kuongea."

"Madam, umeme nimesomea. Wewe umesomea nini, kupiga stori?"

Nikamwambia asirudi. Mashine nikaiagiza mtandaoni.

Kwetu mtoto huinamisha kichwa, mzee akakigusa. Hiyo ndiyo salamu. Mimi, mtoto, nikashika kichwa cha baba yangu na kukibandika nyaya.

"Hata hujamuuliza," dada akasema.

"Atanijibu na nini?"

Nikaona umeme ni mdogo, nikauongeza kupita kiwango kilichoandikwa. Ngozi ya Baba ikaungua. Akanisukuma, akatamka vizuri kabisa kwa Kimaasai: "Tapala."

Acha.

Baada ya hapo alifunga mdomo. Hata dada alipomtajia ng'ombe, aligeukia ukuta. Miezi ya kazi yao niliimaliza kwa mchana mmoja.

Nilimwendea mtaalamu nikaomba msamaha. Amerudi, na wameanza upya. Majina yanatoka, lakini mimi nikiingia chumbani yanakoma.

Wewe uliye na mgonjwa kama huyu, keti naye, msubiri. Mambo ya kichwa waachie madaktari. Na hata kama hasemi, muulize kwanza.

Jana nilimwinamia Baba anisalimu. Mkono wake uliinuka. Nikafumba macho, nikangoja.

Nilipofumbua, alikuwa amefunika kichwa chake mwenyewe.