Ugali Mweupe wa Bibi Teopista

Bibi Teopista alipofika Louisville, Marekani, kuishi na binti yake Béatrice, hakuomba nguo wala simu. Aliomba ugali mweupe, wa mahindi waliyoyahangaikia wenyewe. Kule kambi ya wakimbizi Kigoma, alikomlea Béatrice, alikula miaka nenda miaka rudi unga wa njano wa msaada, foleni juani, kadi mkononi. Hakuulaani, maana ulimkuzia mtoto. Lakini alikuwa ameuchoka, na hakuficha.

Béatrice, ambaye kazi yake ni ya ghalani, akaomba kipande cha bustani ya jamii pale Newburg, akapanda mahindi. Mbegu alizichagua dukani kwa uzuri wa picha ya pakiti. Yakastawi ajabu! Majirani Wamarekani walipovuna ya kwao yakiwa mabichi, wakayachemsha na kuyapaka siagi, aliwacheka kimoyomoyo. Watu gani hawa wasio na subira? Yeye aliyaacha yakaukie shambani, kama mtu mwenye akili zake.

Akili hizo zikamponza. Punje zilinyauka zikakunjamana, kumbe yalikuwa mahindi matamu, ya kuliwa mabichi tu. Akayasaga hivyo hivyo kwa ubishi. Alichopika kiligoma kushikana, kikawa uji wenye utamu wa keki. Mama yake akaomba kijiko, akaonja, akakiweka chini.

"Asante, mwanangu," akasema kwa upole. Afadhali angegomba. Béatrice alikwenda kulilia bafuni.

Kazini alimsimulia mzee mmoja Mmarekani, dereva wa foklifti ya kunyanyulia mizigo, mtoto wa wakulima. Mzee alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema kaka yake analima mahindi meupe nje ya mji, yale hasa ya kusaga unga, na atawapa gunia zima.

"Mama amechoka kupewa," Béatrice akajibu, haya zikimjaa.

Mzee akakuna kidevu. Basi, akasema, mashine ya kuvunia huangusha mahindi mengi pembeni mwa shamba, na kila mwaka yanaozea pale. Anayeyataka aje ainame ayaokote.

Jumamosi Bibi Teopista akaingia shambani, kitenge kimekazwa kiunoni. Lo, mgongo uliokuwa ukiuma kila asubuhi sijui aliuacha wapi! Béatrice alipomsihi apumzike kidogo, alifukuzwa kama kuku. Waliokota mpaka magunia yakajaa. Nyumbani wakayaanika, wakapukuchua, wakasaga kwa mashine ya mkono huku wakipokezana.

Siku ya ugali, Béatrice alikaa mezani bila kugusa kitu. Ulikuwa mweupe, umeshikana vizuri, maharage pembeni. Mama yake akamega tonge, akatafuna polepole, macho kayafumba.

"Mungu awabariki wenye shamba," akasema.

Kisha akaisogeza sahani kwa binti yake.

"Kula, Bea. Huu hatukuupangia foleni."