Chupa ya Dodoma Iliyopelekwa Mbuba

Mwaka 1995, manyunyu yakianguka tangu alfajiri, nilialikwa kijijini Mbuba kushuhudia kijana akipeleka posa. Kijana huyo alikuwa mhudumu wa meza za Wazungu waliokuja kusaidia wakimbizi, na badala ya pombe ya ndizi alileta chupa ya mvinyo wa zabibu za Dodoma. Aliifungua kwa ustadi, akammiminia baba wa binti kidogo tu aonje kwanza, kama Wazungu walivyomzoeza, kisha akarudi nyuma, mkono mmoja mgongoni.

Mzee aliitazama glasi, asiiguse. "Unaanza na mimi?"

"Ndiyo, baba. Onja, uniambie kama ni mzuri."

Shangazi wa binti akasema, "Mwanangu, kwetu anayeleta kinywaji ndiye anayeanza kunywa. Au umetia kitu?"

Kijana akaichukua glasi, akainywa yote, akaipindua waione tupu. Mzee akacheka. "Sasa nimiminie, na usinipimie kama dawa!"

Nimelipigia hesabu jambo hili: Wazungu walikuwa wakipima mvinyo, wakwe walikuwa wakimpima mtu, na glasi moja ilitosha kwa kazi zote mbili. Posa ilikubaliwa. Kosa lile la kutoanza kunywa yeye lilimgharimu kijana faini ya mitungi miwili ya pombe ya ndizi.