Saini ya Mtu Asiyependa Safari

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walitoka wakarudi na habari za Dar es Salaam. Mimi nilitoka mara moja tu, nikaenda kusoma sekondari Korogwe, nikamaliza kidato cha nne, nikarudi Handeni na sanduku la bati na kiapo kwamba sitapanda lori tena. Tumbo langu na lori havijawahi kupatana. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, akanipa jina la Mwali, kwa sababu kwetu anayefungiwa ndani asionwe na jua ni msichana aliyevunja ungo.

"Hodi! Mwali hajambo?" alikuwa akiita kutoka uani. "Ameshaota ndevu?"

"Zimeota, nakusubiri wewe uje uninyoe. Si ndiyo kazi pekee uliyobakiza?"

Sikukasirika. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na anayekasirikia utani ndiye mwenye kosa. Ukitaniwa unajibu, na ukijibu uzidishe. Ulimi nilikuwa nao. Nilichokosa ni miguu.

Tulikuwa tumeshahamia kijiji kipya, upande wa Kwaluguru, nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Kwa kuwa mwenye sekondari nilikuwa peke yangu, na kwa kuwa muda wote walijua pa kunikuta, walinichagua katibu wa mkopo. Mkopo wenyewe haukuwa wa fedha. Bwana shamba alikuja na baiskeli yake akaeleza kwamba kijiji kitakopeshwa mbegu za mahindi za kisasa na mifuko ya mbolea, vyote vichukuliwe kwenye ghala Korogwe. Baada ya mavuno kila nyumba italipa magunia matatu ya mahindi. Nyumba moja ikishindwa, kijiji kizima kitanyimwa mwaka unaofuata.

Mama yangu akasimama. Mama hakuwa mtu wa kusimama mikutanoni.

"Mimi mbegu ninazo," alisema. "Ziko juu ya meko yangu, zimekula moshi, hazina mdudu. Hizo zenu nitazipanda pamoja na zangu?"

"Hapana, mama. Ukizichanganya unaziharibu. Za kienyeji sasa basi."

Alikaa. Njiani kurudi nyumbani akaniuliza mimi, si bwana shamba. "Mwanangu, wewe uliyesoma. Unasemaje?"

Nikamwambia mavuno yatakuwa mara mbili, nikatumia na neno "kitaalamu", ambalo nilikuwa nalipenda sana siku zile. "Mimi ndiye nitakayehesabu kila mfuko," nilisema. "Una wasiwasi gani?"

Mwaka ule chakula kilikuwa kimepungua kabla ya mvua. Kwa kuwa nilisema mbegu zinakuja, mama alianza kushusha mahindi yake ya juu ya meko, bunzi moja moja, akayapukuchua, akayatwanga. Tulikula ugali wa mbegu karibu wiki tatu. Nakumbuka ulikuwa na harufu ya moshi, na nakumbuka niliomba kuongezewa.

Siku ya lori ikafika. Utaratibu ulikuwa wazi: katibu aende ghalani, ahesabu, ndipo aweke saini kwenye hati ya kupokea. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, barabara ni tope tupu, nami tangu alfajiri nilikuwa nalisikiliza tumbo langu kama mtu anayesikiliza hukumu. Binamu alikuwa amechaguliwa kwenda kupakia. Aliniangalia akacheka.

"Mwali, utatapika mpaka Korogwe, na mbegu zitapata wapi pa kukaa? Weka saini hapa hapa. Nitahesabu mimi. Mpaka kumi si ninajua?"

Nikaiweka. Juu ya kinu kilichopinduliwa uani kwetu, kwa mwandiko ambao mwalimu wangu aliusifia, nikakiri kwamba nimepokea mifuko yote ambayo sijauona hata mmoja.

Binamu akapanda juu ya lori, akasimama kama mgombea, akatangaza mbele ya kijiji kizima: "Haya, jamani, kwaherini! Nikifika Korogwe nauza kila kitu, naoa mke wa pili!"

Watu walivunjika mbavu. Mama ndiye aliyecheka kuliko wote. "Uza!" alimjibu. "Na hilo kofia lako uliuze, labda litapata mwenye kichwa!"

Nami, sikutaka kupitwa: "Huyo mke muulize kwanza kama anaona vizuri!"

Lori likaondoka, sisi bado tunajifuta machozi ya kicheko.

Lilirudi siku ya tatu, limejaa nusu. Binamu alishuka akalalamika kabla hajaulizwa: ghalani kuna upungufu, mifuko mingine inafuata. Ikabidi kugawa kilichopo. Kwa kuwa mama ni shangazi yake na mimi ni katibu, alituvuta pembeni.

"Shangazi, nyie ni wa nyumbani. Tukiwapa nyie kwanza, watu watasema. Subirini lori la pili."

Mama alikubali, tena kwa fahari. Ndivyo watu wenye adabu wanavyofanya, ndugu wa mgawaji hupokea mwisho. Kila asubuhi alikwenda shambani na jembe, akasafisha palipokwisha safishwa, akarudi akaniuliza, "Wamesemaje?" Mvua ikanyesha wiki ya kwanza. Ikanyesha ya pili. Mahindi ya majirani yakachomoza. Shamba la mama likabaki jekundu na safi, hata magugu hamna.

Wiki ya tatu nilikwenda Korogwe. Nilitapika mara nne, nakiri, na abiria mmoja aliniuliza kama mimba ni ya kwanza.

Mtunza ghala alikuwa mzee mpole. Nilimwamkia, nikamwuliza lori la pili linakuja lini. Akafungua faili, akageuza hati upande wangu.

"Kijana, mlishachukua yote. Saini si yako hii?"

Ilikuwa yangu. Nilijikuta nasema, "Shikamoo," mara ya pili, sijui kwa nini.

Nilitembea ovyo mpaka Kwamndolwa, nje ya mji. Huko nikaona shamba lina mistari iliyonyooka, na kando yake mifuko mitupu ya mbolea ya aina ile ile aliyotuonyesha bwana shamba. Mwenye shamba hakuwa na la kuficha. Alinunua kwa mtu mmoja mcheshi sana wa Handeni. "Alituchekesha siku nzima," alisema. "Anasema, nunueni upesi, kabla binamu yangu hajatoka ndani."

Huyo mcheshi sikumkemea mimi. Nilifika kijijini nikawaambia wazee, wakamwita. Alikuja na redio mpya begani, hata hakuificha.

"Si niliwaaga?" alisema. "Nilisimama juu ya lori. Nani hapa hakusikia?"

Wako waliocheka, kwa mazoea tu. Kisha wakamwona mama hacheki.

Wazee walisema apelekwe polisi. Lakini hati ilikuwa na saini yangu, si yake, kwa hiyo wa kwanza kwenda ndani ningekuwa mimi. Mama naye hakutaka mtoto wa kaka yake afungwe. Binamu akatozwa mbuzi, ambaye wazee walimla jioni ile ile, nami nikapewa kipande cha ini.

Nyumbani nilisubiri mama amtukane. Nilimsaidia kuanza: "Yule mtu ni mwongo, mama."

"Siyo mwongo," alisema. "Yeye alisema atauza. Wewe ulisema utahesabu."

Alipita nyumba kwa nyumba akiomba mbegu za kienyeji. Karibu kila mtu alikuwa amezila, kama sisi. Alichopata alikipanda kwa kuchelewa, na tulichovuna hakikujaa gunia moja. Magunia yetu matatu yakabaki deni, deni la mbegu ambazo hazikuwahi kuingia nyumbani kwetu; kijiji kikanyimwa mkopo kama tulivyoonywa, nasi tukalilipa kwa mavuno ya mwaka uliofuata.

Binamu aliendelea kuja. Mama alimpakulia. Alipoita, "Mwali hajambo?" nilichukua jembe nikaenda shambani, na yeye ndiye aliyelalamika kwamba nimekuwa mtu wa hasira.

Wakati huo yalianzishwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Kwetu mwalimu nilikuwa mimi. Mama alijiandikisha kijiji cha pili, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, akasema huko wanafundisha vizuri.

Siku ya kupeleka magunia, karani wa mizani alijaza stakabadhi akanipa mimi, kama ilivyokuwa desturi. Mama aliichukua mkononi mwangu. Akaiweka karibu na macho, kidole kikitambaa chini ya maneno.

"Ma-gu-ni-a... ma-ta-tu." Alipumua. "Na hapa pameandikwa mbegu?"

"Ndiyo, mama," nilisema.

"Namwuliza karani," alisema, akaanza tena kutoka mstari wa juu.